Sauti Inayotoka Mtwara

Umeme ulikatika Jumamosi mchana na nusu ya mji wa Mtwara ikahamia kwa Bilkis. Walikuja wenye simu zilizozima, wenye kompyuta, wenye watoto wanaolilia feni, na wale wasio na shida yoyote ila wamesikia jenereta inanguruma na hawataki kupitwa. Mgahawa wa Bilkis uko karibu na soko kuu, sambusa zake huisha kabla hujafika kaunta, na siku kama ile hutandaza ekstensheni moja ndefu katikati ya meza, watu wakaigombania huku wanachekeana.

Tundu lilibaki moja, na mikono miwili ikalifikia kwa pamoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa Dercio, kijana mrefu, shati la drafti kalikunja hadi kwenye viwiko, viatu vina vumbi jekundu la mashambani. Mwingine ulikuwa wa Elsa, na hapa naomba mniruhusu nisimame kidogo, maana Dercio mwenyewe alisimama. Gauni la kitenge cha buluu lililokatwa na fundi anayejua kazi yake, nywele kazisuka twende kilioni, hereni ndefu za shanga zinazocheza kila akigeuka. Hayo yote tisa, kumi ni sauti. Alisema maneno machache tu, na watu wa meza ya pili wakageuka.

"Samahani kaka, mimi nina haraka."

"Kila aliye hapa ana haraka, dada yangu."

"Wewe una haraka ya nini?"

Dercio akafikiri, akaona bora aseme kweli. "Kuna kitu nasubiri kisitokee."

"Kama hakitokei, hakihitaji umeme," Elsa akasema, na akachomeka waya wake.

Dercio alicheka mpaka akajikuta amevuta kiti na kukaa. Wakakubaliana zamu, dada kwanza, kaka baadaye. Juisi ya ukwaju ikaja, sambusa zikaja, majina yakatajwa. Elsa alikuwa Mmakua wa Masasi. Dercio Mmakonde wa Kilambo, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita wakatulia upande huu. Watani, basi. Elsa akataka kujua Wamakonde wa Kilambo wameanza lini kutumia kompyuta, Dercio akamjibu kwamba ni tangu Wamakua walipoacha kuziogopa. Baada ya hapo hawakuhitaji mtu wa kuwafungulia mazungumzo.

Elsa alipomaliza shughuli yake akafunga kompyuta na kumpisha. Dercio akawasha ya kwake, akafungua ukurasa mmoja uliojaa tarehe na tarakimu, akakaa anautazama. Baada ya muda akapiga ulimi.

"Kimetokea," akasema kwa huzuni.

"Nini?"

Ikabidi amweleze. Kazi yake ya mchana ilikuwa Naliendele, kwenye utafiti wa korosho: anapita kwenye miti, anakagua maua, anakadiria mavuno yatakuwaje. Kazi ya moyo wake ilikuwa nyingine. Alikuwa na chaneli ya mtandaoni iitwayo Dalili, na wafuasi wake walikuwa wapenzi wa gemu kuanzia Mtwara mpaka Mombasa. Kila gemu linalouzwa mtandaoni lina kumbukumbu zake kwenye kanzidata ya wazi, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitazama. Kampuni ikigusa faili za gemu lake, hata kwa siri, kanzidata inaandika kwamba limeguswa, limenenepa kiasi gani, limeongezwa lugha gani. Haisemi ndani mna nini. Hapo ndipo ufundi unapotakiwa.

"Chukulia jirani yako," Dercio akasema, macho yanawaka. "Hajakuambia kitu. Lakini leo umeona anaingiza mchele, kesho masufuria makubwa, keshokutwa viti vya kukodi. Utasubiri mpaka akuletee kadi ndipo ujue kuna shughuli?"

Gemu alilokuwa akilifuatilia kuliko yote liliitwa Bandari za Kale, mchezo wa kujenga miji ya pwani na kusafiri kati yake. Kampuni yake iko Nairobi na wachezaji wake wako dunia nzima. Dercio alikuwa na hakika kuna nyongeza kubwa inapikwa. Imefunguliwa nafasi mpya isiyo na jina, ina lebo ya muda tu, "mto", na kwenye orodha ya lugha za sauti Kiswahili kimeingia kimyakimya. Alikuwa na nadharia nyingine pia, ambayo hakumwambia mtu, na nadharia hiyo ilisema leo mchana faili hazitaguswa. Sasa zimeguswa, tena mbele ya macho yake.

Elsa aliinama, akanywa juisi yake taratibu, asimtazame usoni. Kwa maana nyie wasomaji hamna wa kumwambia, nawaambia: mtu aliyezigusa alikuwa yeye. Zile faili alizotoka kuzituma Nairobi kwa umeme wa Bilkis, zinazoingia moja kwa moja kwenye gemu, zilikuwa sauti yake. Yeye ndiye aliyekuwa Mvushi, mama anayevusha watu mtoni kwenye hiyo nyongeza isiyo na jina, na alikuwa ametia saini mkataba wa kutomwambia kiumbe.

Elsa aliwahi kuwa mtangazaji wa redio ya mjini, redio ikafungwa. Dar es Salaam alikwenda kutafuta kazi, wakamwambia sauti ni nzuri ila ina kusini nyingi mno, aisafishe kwanza. Alirudi nyumbani na donge. Basi hii kampuni ya Nairobi ilipomtafuta, nao mwanzoni walitaka Kiswahili cha kunyooka, akawarekodia kipande kidogo kwa usemaji wa bibi yake wa Masasi: "Kaa katikati, mwanangu, usining'inize miguu, mamba hajala tangu asubuhi." Lucy, msimamizi wa mradi, alikisikiliza mara mbili akasema msiguse kitu, huyu ndiye. Tangu siku hiyo Elsa alikuwa anarekodi kwenye kabati la nguo alilolizungushia magodoro, anatoka humo amelowa jasho na furaha. Dunia nzima ingemsikia bibi yake. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

"Pole kwa nadharia yako," akamwambia Dercio.

"Asante. Lakini nimepata hasara ya nadharia, nikapata faida ya jirani," Dercio akasema, na akaomba namba.

Akapewa.

Hapo mambo yakakimbia. Simu za asubuhi zikaanza, Dercio akiwa kwenye pikipiki anakwenda Naliendele, zikafuata za mchana, zikafuata za jioni zisizo na habari yoyote ila mtu anataka kusikia mwenzake anavyopumua. Walikwenda Shangani kula pweza, Elsa kavaa suruali nyeupe na blauzi ya manjano, Dercio akasahau kutia pilipili. Walikwenda Msimbati Jumapili moja, wakatembea ufukweni mpaka viatu vikawa mkononi, na Dercio akamwita "laazizi" kwa mara ya kwanza, akaona haya, akajifanya anakohoa. Elsa akamwambia akohoe tena.

Farida, rafiki yake Elsa mwenye saluni pale Magomeni ya hapahapa Mtwara, aliwapiga picha wamelishana kipande cha ming'oko, vile viazi vya porini, akaiweka mtandaoni na vikopa vitatu. Nani angemlaumu? Walipendeza.

Ila Elsa alikuwa na mtihani wake. Mpenzi wake alikuwa anampenda mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ni yeye. Kila simu Dercio lazima amtaje huyo mtu wa sauti asiyemjua.

"Yuko makini, mpenzi, huyu mtu," alimwambia siku moja. "Faili zinapanda kidogokidogo, hakuna fujo. Naona kama namjua."

"Ni mwanamke?" Elsa akauliza, kafunika mdomo.

"Sijui. Nadhani mwanamke."

"Mzuri?"

"Hawezi kuwa mzuri kuliko wewe."

"Usiseme usichokijua, Dercio. Inawezekana amenizidi."

Akikata simu anacheka peke yake, kisha kicheko kinakatika. Kumficha mtu unayempenda jambo unalolipenda ni kazi ngumu, na alikuwa anaifanya kila siku. Alijiambia nyongeza ikitoka tu atamkalisha chini, atamwekea spikani, atamtazama uso.

Dercio hakusubiri itoke. Ile nadharia yake, aliyodhani imekufa kwa Bilkis, ilikuwa imefufuka. Umeme ulikatika tena Mtwara, na tena, na kila ulipokatika faili za sauti zililala. Ukirudi zinaamka. Mahali pengine popote palipokuwa na giza, Dodoma, Arusha, zenyewe zinaendelea. Ile Jumamosi moja tu ndiyo iliyogoma kukaa kwenye mstari, na alikwishaiandika kwenye chaneli yake kama swali: Jumamosi imenichanganya, mwenye jibu anisaidie. Hakupata jibu. Lakini dalili zilikuwa nyingi mno kwake. Alhamisi jioni akapandisha video kwa sauti ya mtu aliyeshinda: nyongeza mpya ya Bandari za Kale itakuwa ya mto mkubwa, itasema Kiswahili, na sauti zinarekodiwa hapa Mtwara.

Video ikasambaa. Watu wa Mtwara waliishiriki hata wasiojua gemu ni nini, kwa raha tu ya kutajwa.

Ijumaa asubuhi Lucy alipiga simu kutoka Nairobi. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba ofisini kwao watu wanaojua neno Mtwara ni wachache sana, kwamba mchezaji mmoja ameipata picha ya yule mbashiri na binti wa Mtwara wakilishana, na kwamba binti huyo ni Elsa. Akamuuliza alimwambia nini. Elsa akaapa hakumwambia kitu. Lucy akasema angependa sana kuamini.

Elsa alichukua bodaboda mpaka Naliendele na nguo za nyumbani, khanga mbili na ndala. Alimkuta Dercio shambani chini ya mikorosho, ana kalamu sikioni.

"Uliifungua kompyuta yangu lini?" akamuuliza.

Dercio hakuelewa.

"Siku niliyoingia jikoni kukukaangia mihogo? Au nilipokwenda kuoga? Niambie tu nijue nilikuwa mjinga siku gani. Mimi ndiye Mvushi, Dercio. Wanajua tuko pamoja, wanasema nimekupa siri yao. Wataninyang'anya."

Sasa sikieni alichokifanya huyu mwanamume. Akacheka. Akatupa karatasi zake chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka kwa sauti mpaka wenzake wakachungulia. Moyoni mwake ilikuwa furaha tupu: yule mtu wa sauti, wa miezi yote ile, ndiye huyuhuyu aliyemnyang'anya umeme kwa Bilkis. Akasema, "Ni wewe? Yaani ni wewe?" na akacheka tena, na akanyoosha mikono amkumbatie.

Elsa aliona mtu anayemcheka siku anayopoteza kila kitu. Kati ya watani kuna mambo mengi yanayosameheka, hili halikuwamo. Aliitazama ile mikono, akageuka, akapanda bodaboda yake.

Kilichofuata ni kibaya zaidi, na kilifanywa kwa mapenzi. Dercio alirudi mjini mbio, furaha imemwisha, hofu imemjaa. Akawaza: kama video ndiyo inayomponza, iondoke. Akaifuta. Akafuta na maandishi yote yaliyohusu nyongeza ile, pamoja na lile swali la Jumamosi. Akampigia Elsa, simu haikupokelewa, akamwandikia kwamba ameshamaliza tatizo.

Mtu wa kawaida angeona amefanya vyema. Lakini kwenye dunia ya hawa wabashiri wa gemu, aliyekosea huacha maandishi yake pale achekwe, ndiyo heshima yao. Anayefuta ni yule tu aliyepewa siri na mtu wa ndani, naye akashtuliwa. Kabla jua halijazama mtandao mzima ulikuwa umeshahukumu. Kafuta, basi ni kweli, kuna mtu alimpa. Dercio aliijua sheria hiyo kuliko wote, aliwahi kuitumia kuwaumbua wengine. Siku hiyo haikumjia kichwani hata kidogo.

Jumamosi Lucy alimsimamisha Elsa kazi. Sehemu ya Mvushi itarekodiwa upya, akasema, kuna dada yuko Dar es Salaam, sauti yake imenyooka.

Ni Farida aliyempelekea Dercio habari, tena kwa hasira, mkasi bado mkononi. Alimkuta kwa Bilkis, amekaa mbele ya chai iliyopoa.

"Ungeacha palepale," akamwambia. "Umefuta, umekiri. Umekiri na lisilo lako. Mwenzio hata kula hali. Kazi angeipata nyingine, analia kwa ajili ya yule bibi yake, hatasikika tena."

Dercio akauliza afanye nini. Farida akamwambia asimuulize yeye, yeye ni msusi.

Alifikiri usiku kucha na asubuhi alikuwa anajua. Alikuwa na ushahidi, ila ushahidi wenyewe ndio uliokuwa mtaji wake wote. Hakuna mbashiri mwingine aliyewahi kuunganisha faili za gemu na giza la mji. Akionyesha njia, kila mtu ataijua, na kampuni zitajifunza kujificha. Chaneli yake itakuwa kama chaneli ya mtu mwingine yeyote. Akatia kompyuta begini.

Jumapili baada ya misa akaingia laivu kutoka mgahawani, Bilkis mwenyewe amenyamazisha redio. Kule Magomeni Farida aliiweka simu kwenye kioo cha saluni bila kumwomba Elsa ruhusa. Elsa alisema hataki kuona. Akabaki pale mlangoni, hakuondoka wala hakukaa.

Dercio alianza kwa kurudisha yote aliyoyafuta, moja baada ya jingine, na kusema kufuta kulikuwa kosa lake na woga wake. Kisha akafungua kanzidata kwenye skrini. Akaonyesha siku faili zilipolala. Akawauliza watu wa Mtwara wanakumbuka nini kuhusu siku hizo. Hapo ikawa raha, jamani. Komenti zilimiminika. Mmoja aliandika kwamba siku hiyo barafu zake zote ziliyeyuka. Mwingine siku ile alinyolewa kichwa nusu, akarudi nyumbani na kofia. Mwalimu mmoja wa Mikindani alikumbuka mitihani iliyokwama kwenye mashine. Kila siku Dercio aliyoitaja ilipata mashahidi wake, na hata wachezaji wa Kenya waliokuja kumzomea wakaanza kuuliza maswali ya maana.

"Sikuambiwa na mtu," Dercio akasema. "Nilikaa gizani nikahesabu nani mwingine yuko gizani. Na kuna siku moja iliyonishinda, Jumamosi, umeme hakuna na faili zimeguswa. Niliuliza hapahapa mnisaidie. Sasa jibu ninalo. Aliyezituma alikuwa amekaa na mimi meza hii, ametumia jenereta ya dada Bilkis, na mimi nilikuwa namwangalia yeye. Kama ningekuwa naiba siri zake, ile siku isingenishinda."

Elsa akakaa kwenye kiti cha wateja.

Dercio alikuwa hajamaliza. Akasema bado wapo watakaodai Elsa alimwambia, kwa hiyo atabashiri jambo ambalo Elsa hana namna ya kulijua, kwa sababu limetokea akiwa tayari amesimamishwa. Akikosea hapa amemzika mwenzake. Akaonyesha mstari mmoja mdogo kwenye orodha ya lugha: jana kuna mtu aliongeza Kireno, kisha akakiondoa haraka.

"Mimi nimekulia ukingoni mwa Ruvuma," akasema. "Ukisimama Kilambo unaona Msumbiji, wanakosema Kireno. Mtu akitengeneza mto mkubwa, lazima siku moja atataka kujua kuna nini ng'ambo. Nasema kuna nyongeza ya pili. Itavuka. Kama nimekosea, nichekeni mimi, huyu dada mwacheni na sauti yake."

Akazima.

Nairobi, watu waliokuwa wanajua habari ya ng'ambo walikuwa Lucy na wenye kampuni, basi. Lucy alimpigia Elsa kabla chai ya Farida haijachemka, akauliza amejuaje huyu mtu. Elsa akamjibu kwamba hata yeye ndiyo kwanza anasikia. Lucy akacheka kwa uchovu na kuomba radhi vizuri, kwa maneno yanayoeleweka. Dada wa Dar es Salaam aliambiwa asije. Bibi wa Masasi alirudishwa kwenye mtumbwi wake, na Elsa akalia mpaka Farida akafunga saluni.

Msingetegemea ampigie Dercio palepale? Hakumpigia. Na Dercio naye, baada ya ujasiri wote ule, aliona aibu ya kile kicheko, akaomba ruhusa kazini akaenda zake Kilambo kwa mama yake, Madalena, kumsaidia mahindi. Simu aliiacha ndani ya begi. Madalena alimtazama mwanawe anavyopukuchua, nusu chini nusu kwenye ungo, akamuuliza binti ni wa wapi. Dercio akajibu Masasi. Mama akasema ahaa, na kuendelea na yake.

Siku ya tatu pikipiki ilisimama uani. Elsa akashuka, kavaa gauni jekundu refu na kilemba cha rangi hiyohiyo, vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Alimwamkia Madalena kwa magoti, akapokewa vizuri, akapewa kigoda na maji. Kisha akamgeukia Dercio.

"Kwa nini ulicheka?"

"Kwa furaha," Dercio akasema. "Nilikuwa nawapenda watu wawili, nikaambiwa ni mmoja. Nisamehe, Elsa. Nilitakiwa nikusikilize kwanza, nikafurahi kwanza."

Elsa alimtazama, akaona ni kweli, akamsamehe. Alikuwa amesafiri na maneno yake tayari, akayatoa kama alivyoyapanga.

"Wamenipa mkataba mpya, na safari hii Lucy kauandika mwenyewe, hataki mchezo. Habari za kazi yangu nisimwambie rafiki, nisimwambie ndugu, nisimwambie mchumba. Wa kuambiwa ni mmoja tu, mume wa ndoa." Akavuta pumzi. "Nina mambo makubwa, Dercio. Nimeyabeba kutoka mjini yananikaba koo. Na sina mtu wa kumwambia."

Madalena aliacha kupukuchua.

Dercio alielewa, na akaelewa zaidi ya hapo, kwa kuwa akili yake ndivyo ilivyo. Akimwoa Elsa atajua kila kitu cha Bandari za Kale kabla hakijatokea. Na anayejua hawezi tena kubashiri, itakuwa udanganyifu. Lile gemu lililompa jina, lililomkosesha usingizi na kumpa raha, atalifunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Unajua unaniomba niache nini," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikupiga simu."

Dercio akaingia ndani, akatoka na simu yake. Alisimama juani, akaandika, akamwonyesha Elsa kabla hajatuma: *Kuanzia leo Bandari za Kale sitaibashiri tena. Msiniulize sababu.* Elsa akasoma mara mbili. Akamwambia mjomba wake Kasiani ndiye mwenye kauli, yuko Masasi, na wiki hii hana safari. Dercio akasema atatafuta mshenga kesho asubuhi, na akatuma.

Wakakaa kigoda kimoja, Elsa kaegemea bega lake, Madalena kaingia jikoni kwa makusudi na kufunga mlango. Simu ikaanza kulia. Wafuasi wake walikuwa wamefundishwa na yeye mwenyewe kusoma dalili, na hawakuchukua hata muda wa maji ya ugali kuchemka. Komenti ya kwanza iliandikwa na mtu wa Mikindani asiyemjua kabisa, na Elsa ndiye aliyemsomea, kwa ile sauti yake:

"Harusi lini?"